Godoro la Futi Sita

Gauni la mama la kanisani ndilo lililonishtua kwanza. Mimi ni fundi cherehani, nashona Balangdalalu kwenye kibaraza cha duka, zaidi sare za shule na magauni ya kwaya, na mtu akinipa nguo yake najua amenenepa au amepungua kabla hajafungua mdomo. Mama alikuwa anakaa Tumati, juu milimani, kwenye nyumba nilimozaliwa. Kila nilipopanda kumsalimia alinipa lile gauni la zambarau nilipunguze ubavuni. Mara ya kwanza nilimtania kwamba amepata mchumba anamfungia saumu kimyakimya. Akacheka mpaka akajishika kiuno. Safari iliyofuata nilifumua mshono wangu mwenyewe, uzi ukiwa bado mpya, nikaingiza kitambaa ndani zaidi, na sikutania. Nilikata uzi kwa meno nikamrudishia gauni lake.

Yeye kupungua hakukulalamikia. Alilalamikia mgongo.

"Unaanzia hapa," aliniambia, akijishika kwa nyuma juu kidogo ya kiuno, "halafu unapanda. Nikilala ndio unaamka. Nikigeuka naona nyotanyota."

Mgongo nilikuwa naujua, kwa sababu na mimi ninao wangu. Nimeupata kwenye msiba wa baba. Kwetu mtu akifariki, makochi na meza vinatolewa nje, sebule inabaki tupu, na magodoro ya mtaa mzima yanaletwa. Kila nyumba inatoa lake, linabebwa kichwani mchana kweupe, linatandikwa chini, na wanawake tunakaa juu yake, miguu tumenyoosha, mpaka matanga yanapoanuliwa. Sasa baba alifariki kipindi cha baridi, na wiki hiyohiyo kulikuwa na msiba mwingine ng'ambo ya bonde. Magodoro yalikuwa yameshakwenda huko. Sisi tukatandika turubai na magunia juu ya simenti. Nilikuwa nimetoka kujifungua mtoto wangu wa mwisho, kidonda hakijapoa, na nilikaa kwenye ile simenti kwa sababu mtoto wa marehemu hawezi kwenda kujilaza chumbani watu wamekaa. Nilipoinuka mgongo haukuwa wangu tena. Mpaka leo nikikaa sana kwenye cherehani unanikumbusha.

Kwa hiyo mama aliposema mgongo, mimi nilimwelewa haraka, na nikadhani nimeelewa vizuri. Nikaingia chumbani kwake, nikaangalia kitanda, nikapata mkosaji.

Godoro lile baba alilinunua zamani, wakati wengi wa majirani zetu walikuwa bado wanalalia ngozi au magunia yaliyojazwa majani ya mahindi. Lilikuwa la sponji, limekuwa la njano kama ugali wa dona uliolala. Lilikuwa na mashimo mawili. La baba lilikuwa upande wa ukutani, refu na pana, la mama upande wa mlango, na katikati limebaki tuta. Baba tulimzika miaka mingi iliyopita, na mama hajawahi kuhamia katikati. Alikuwa bado analala kwenye shimo lake, shuka la upande wa baba limenyooka, mto wake upo. Niliweka mkono kwenye shimo la mama nikagusa mbao za kitanda.

"Mama, unalala kwenye mbao," nikamwambia. "Huu ndio ugonjwa wenyewe. Mtu gani atalala hapa asiumwe?"

"Nimelala hapa miaka yote."

"Ndiyo maana."

Mimi nikishaamua jambo huwa sisikii. Mume wangu husema ningezaliwa ng'ombe ningekuwa yule anayefungwa kamba yake peke yake. Nilitoa futi yangu ya kupimia nguo nikapima kitanda palepale, futi nne kwa sita, na moyo ukatulia kidogo. Nilitaka kitu kimoja tu, mama alale, maana mtu akilala atakula, na akila lile gauni la zambarau litamkaa tena. Niliyapanga hayo kichwani kwa mfuatano huo na nilikuwa tayari kugombana na yeyote ambaye angeuvuruga.

Mama alikubali kwenda Haydom, lakini kwa sharti lake. Alisema kwanza tupite hospitali, halafu ndio madukani. Mimi nilitaka tuanze na madukani, asubuhi kabla magodoro hayajachaguliwa na watu wa mnada. Tukaanza na hospitali.

Siku hiyo kulikuwa na ukungu njia nzima, basi limewasha taa, na milima ya upande wa Hanang haikuonekana kabisa. Mama alikaa dirishani. Alikuwa anaangalia nje kana kwamba anaona kitu, wakati nje kulikuwa kweupe tu. Nikamuuliza anaangalia nini, akasema anaangalia mashamba. Sikuona shamba hata moja.

Hospitali tulikaa sana kwenye benchi. Walimpima, wakampiga picha ya mgongo, wakamtoa damu, tukarudi kwenye benchi. Mlango ulipofunguliwa wakaita jina lake, nikainuka naye. Akanishika mkono.

"Wewe baki na mizigo."

"Mizigo gani? Ni kikapu kimoja."

"Baki nacho."

Nikabaki. Nikakaa na kikapu cha maembe mawili na chupa ya chai, nimeudhika, nikiuangalia ule mlango. Wagonjwa walioingia baada yake kwenye mlango wa jirani walitoka, wengine wakaingia, nao wakatoka. Nesi mmoja alipita akaingia alimo mama na kiti cha pili mkononi. Nilifikiri, mgongo tu, viti vya nini? Nikataka kugonga. Sikugonga, na nilijisemea kwamba ni heshima inayonizuia.

Mama alipotoka alikuwa amejifunga kitenge upya, amekikaza. Mkononi alikuwa na mfuko wa vidonge.

"Wamesemaje?"

"Wamenipa vya maumivu. Na daktari amesema nitafute godoro zuri."

Nilifurahi, tena sana. Nilisema, "Si nilikuambia?" kwa sauti kubwa mpaka watu wa kwenye mabenchi wakageuka. Daktari aliyesoma miaka yote hiyo amefika pale nilipofika mimi na futi yangu. Mama akaniambia haya, twende, na akatangulia kushuka ngazi, ameshika ukuta.

Duka la magodoro tuliloingia lilikuwa na magodoro hadi nje, yamesimamishwa yakiwa na nailoni zake, na ndani mengine yamelazwa juu ya kitanda cha maonyesho. Mwenye duka alikuwa mwanaume wa makamo, mwenye maneno mengi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Hujambo?"

"Sijambo. Karibu, tunalala wapi leo? Kuna laini la bibi harusi, kuna gumu la mzee wa kanisa."

Nikamweleza mimi, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kueleza. Nikamwambia mgongo, umri, mashimo mawili, mbao. Akaninyooshea kidole kwa furaha ya mtu aliyepata mteja anayejua anachotaka.

"Mwenye mgongo hatakiwi laini," alisema. "Laini linammeza, akitaka kugeuka mpaka avutwe. Na gumu kama meza nalo hapana, linamchoma begani na kiunoni. Anatakiwa hili la densiti kubwa, sponji iliyoshikana. Ukilala linakubali kidogo, halafu linakubeba. Mtu anapima kwa mkono. Alale chali, mwenzake apitishe kiganja chini ya kiuno. Kikipita wazi, ni gumu mno. Kikikwama kabisa, ni laini mno. Kikipita kwa shida kidogo, hapo ndipo."

Nilipenda maelezo yale. Hivyo ndivyo na mimi napima kiuno cha sketi, kwa vidole viwili. Nikamwambia mama avue kandambili apande.

Mama akanitazama. "Lala wewe."

"Mimi? Anayeumwa ni nani?"

"Lala nione."

Nikabishana kidogo, kwa aibu zaidi, maana watu walikuwa wanapita barabarani na mimi ni mwanamke mwenye wajukuu. Mwenye duka akacheka akasema mama, mteja ni mfalme. Nikavua viatu nikalala. Mama akainama, na kuinama kule kulimgharimu, nilimwona akiuma meno, akapitisha kiganja chake chini ya kiuno changu. Kiganja kilikuwa kikavu na cha moto. Akakizungusha polepole, akakitoa.

"Geuka ubavu."

Nikageuka.

"Sasa kaa. Nyoosha miguu mbele. Hivyo. Kaa muda kidogo."

Nikakaa, miguu mbele, mikono mapajani. Mama alisimama ameegemea godoro lililosimamishwa, ananiangalia mgongoni kama mimi ninavyomwangalia mteja aliyevaa gauni nililomaliza kushona. Mwenye duka alishika simu yake, akaiweka, akaishika tena.

"Kiuno kinasemaje?" mama akauliza.

"Hakisemi kitu."

"Kweli?"

"Kweli mama, kimenyamaza. Sasa na wewe panda."

Hakupanda. Akamgeukia mwenye duka. "Hili likiwekwa chini, kwenye simenti, baridi inapita?"

"Mama, hili ni la kitandani."

"Nimekuuliza la chini."

Mwenye duka alimtazama mama, halafu akanitazama mimi niliyekaa juu ya bidhaa yake na miguu yangu mbele. "Haipiti," akasema.

"Na likikaliwa na watu wengi, siku nyingi?"

"Halibonyei, mama."

Nilisikia maswali yale. Sikuwa kiziwi. Nilijieleza kwamba wazee wa kwetu wakati wa baridi hupenda kuota moto chini, na kwamba mama siku zote ana wageni. Nilijieleza haraka, kabla sijafikiri zaidi. Nikaingilia kati na futi yangu. Nikasema tupewe la nne kwa sita, inchi nane, tuondoke.

"La sita kwa sita," mama alisema.

"Mama, kitanda ni futi nne! Nimekipima mwenyewe."

"La sita."

"Litaning'inia huku na huku. Utaanguka. Utalalaje kwenye godoro linalozidi kitanda?"

"Kitanda kinaongezwa. Fundi yupo."

Tuligombana pale, kwa Kiiraqw, lugha yetu, ili mwenye duka, mtu wa kuja, asielewe, ingawa sauti zetu zilimweleza. Nilimwambia ni ukaidi, ni kupoteza, ni mambo ya kizee. Yeye hakupandisha sauti hata mara moja. Alifungua pindo la kitenge akalipa mwenyewe, akakataa changu. Mwenye duka alilikunja godoro, akalikaza kwa kamba za katani, akafunga mafundo mengi kuliko yaliyohitajika. Alikuwa ameacha mzaha wake wote. Alipomkabidhi mama mwisho wa kamba alisema, "Pole, mama."

Nilichukia. Pole ya nini? Watu wamenunua godoro, mtu anawapa pole. Nilimwambia mama njiani kwamba yule mtu hana adabu. Akasema ana adabu sana.

Godoro likapanda juu ya basi, kwenye keria. Basi lilipoanza kukimbia upepo uliingia kwenye nailoni ikawa inapiga paa juu ya vichwa vyetu, pa, pa, pa, njia nzima. Abiria mmoja aliuliza ni nini hicho kinagonga. Mama alikuwa amefumba macho. Tuliposhuka njia panda ya kwetu, konda akatushushia mzigo wetu pembeni ya barabara, palikuwa na wanawake wanauza viazi. Waliona kizee, waliona godoro kubwa chini. Mmoja akaweka mkono kifuani.

"Poleni jamani. Msiba uko wapi?"

"Bado," mama akajibu.

Wanawake wale wakacheka, mama akacheka, na mimi nikacheka kwa nguvu kuliko wote. Nakumbuka kicheko changu kile. Kilitoka bila kuitwa, na kilichelewa kunyamaza.

Nyumbani niliona mambo, na yote niliyapokea kwa shukrani. Mikaratusi ya nyuma ya zizi ilikuwa imeangushwa na kupasuliwa, kuni zimepangwa ukutani mpaka usawa wa dirisha, kuni za kupikia shule nzima. Njia ya kutoka barabarani, ambayo siku zote gari likija lilikwama kwenye miiba, ilikuwa imefyekwa na kupanuliwa. Sebule ilikuwa imepakwa chokaa. Nikasema moyoni, mtu anayepanga hivi hana ugonjwa wa kutisha, mtu anayekata tamaa hapaki chokaa. Nilimsifia. Godoro tuliliegemeza sebuleni, nyuma ya kochi, kusubiri fundi seremala aje aongeze kitanda, na kesho yake nikashuka Balangdalalu kwenye kazi zangu.

Nilimpigia simu kila jioni baada ya kufunga kazi.

"Unalala, mama?"

"Nalala."

"Godoro linasemaje?"

"Godoro ni zuri."

Sauti yake ilikuwa inapungua kama gauni. Nilikuwa nashona sare, muhula unakaribia kufunguliwa, na katikati ya mshono mguu ulikuwa unasimama juu ya pedali bila mimi kuusimamisha. Ng'ombe wa majirani zetu Wadatoga walikuwa wanapita jioni na kengele zao, na kila siku nilikuwa nazipenda kengele zile, lakini kipindi hicho nilifunga mlango zilipokaribia. Mume wangu aliniuliza kwa nini nafunga. Nikamwambia zinanipigia kelele. Ukweli nilikuwa naogopa, na sikujua naogopa nini, au nilijua nikawa sitaki kuuliza.

Halafu siku moja nilimpigia fundi seremala wa kule nyumbani, kumshukuru kwa kitanda. Akaniuliza kitanda kipi.

Nilipanda kesho yake, sijaaga vizuri. Ukungu ulikuwa umeshuka tena, mchana saa sita unaona hatua chache tu, na nilipoikaribia nyumba niliona kwanza zile kuni. Zilikuwa hazijapungua hata kidogo. Mtu amekaa na baridi ya Tumati kipindi chote kile, na kuni zake hazijaguswa. Nikaanza kukimbia, mimi na mgongo wangu.

Godoro lilikuwa palepale nyuma ya kochi. Nailoni yake haijatobolewa, mafundo ya mwenye duka yapo kama alivyoyafunga. Nikaingia chumbani. Mama alikuwa amelala kwenye shimo lake, upande wa mlango, mdogo kiasi kwamba shimo lilikuwa limemfunika karibu wote. Alikuwa amevaa kanga, na mimi ambaye kazi yangu ni vipimo niliangalia bega lake nikashindwa kulipima.

"Shikamoo mama," nilisema, kwa sababu hata ukiwa umekasirika huwezi kuanza na neno jingine.

"Marahaba. Umekuja na ukungu?"

Hapo nikapasuka. Sikuulizia hali. Nilifoka. Nilimwambia amenidanganya kwenye simu, amenidharau, nimezunguka naye Haydom nzima, nimelala dukani watu wakiniangalia, daktari mwenyewe kasema godoro, na godoro limewekwa kama maiti nyuma ya kochi. Neno hilo lilinitoka lenyewe. Lilipotoka niliona kwamba mama hakushtuka.

"Kaa," akasema.

Nikakaa ukingoni mwa kitanda.

"Daktari alisema godoro, ni kweli. Alilisema mwisho. Mwanzo alisema ni kansa, imeshaingia kwenye mfupa wa mgongo. Aliniuliza kama nina mtu nje aitwe, nikamwambia nitamweleza mwenyewe. Nikamuuliza dawa. Akasema ipo ya maumivu, na ipo hospitali ya mbali. Nikamuuliza ya mbali inaponya? Akasema inasogeza siku. Nikamwambia mimi sina haja ya kusogezwa, nina ng'ombe wa kukamua. Ndipo akasema basi tafuta godoro zuri, upumzike."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ungenipeleka mbali kwa nguvu. Nakujua."

Ni kweli ningempeleka. Ningembeba mgongoni. Nilimwambia hivyo, na nikamwambia pia kwamba godoro tumelinunua, basi angalau alilalie, apate hizo siku alale kama watu. Nikainuka nikatoa mkasi wangu wa kazi kwenye mkoba niende kukata nailoni. Mama akanishika sketi. Alikuwa hana nguvu, lakini alishika.

"Usilifungue. Nikililalia mimi litachukua harufu ya ugonjwa, na nitalibonyeza. Lile sikujinunulia."

"Umemnunulia nani?"

Aliachia sketi yangu.

"Msiba wa baba yako mlikaa kwenye turubai," akasema. "Nilikuona. Umetoka kujifungua, unatetemeka, na mimi mjane siwezi kuinuka kukutafutia hata shuka, watu wamenizunguka. Mpaka leo ukiinama kuchukua ndoo naona unavyoshika kiuno. Safari hii sitakuwepo kuangalia magodoro yamekwenda wapi. Nimekuchagulia wewe. Watu watakaa na wewe, ndiyo maana la futi sita, lakini upande wa ukutani ni wako. Usimpishe mtu."

Nikaukumbuka ule mkono wa moto chini ya kiuno changu. Nyoosha miguu mbele. Kaa muda kidogo. Kiuno kinasemaje? Nilikuwa nimekaa msibani kwake, dukani Haydom, mchana, yeye mwenyewe amesimama ananitazama, na nilimjibu kwamba hakisemi kitu.

Sikutaka kulia mbele yake, lakini nililia. Alipochoka kunisikiliza aliniambia nisogee, nimemkalia mguu. Nikavua viatu nikazunguka kitanda. Nikainua lile shuka lililonyooka la upande wa baba, nikalala kwenye shimo lake. Lilikuwa refu kwangu. Kati yetu kulikuwa na lile tuta, nikapitisha mkono juu yake nikamshika mama bega. Ukungu ulikuwa dirishani, ndama alikuwa analia zizini anataka kunyonya, na sisi hatukuinuka mpaka jirani alipokuja kukamua.

Nilikaa naye hadi mwisho. Cherehani ilifuata nyuma, mume wangu aliipandisha, na sare za wanafunzi wa Balangdalalu mwaka ule zilishonwa Tumati. Mama hakulala juu ya godoro lile hata mara moja. Vidonge vilisaidia, halafu havikusaidia, sitasimulia. Gauni la zambarau nililipunguza mara ya mwisho mama akiwa hahitaji tena kusimama ili apimwe.

Makochi yalipotolewa nje nilikata nailoni mwenyewe kwa mkasi wangu. Godoro lilifunguka polepole sakafuni, likajaza upande mzima wa sebule ile yenye chokaa mpya, na wanawake wakaingia mmojammoja, wakivua viatu mlangoni. Walinipisha upande wa ukutani bila kuambiwa. Nje wanaume walikuwa wamewasha zile kuni. Baridi ya simenti haikupita. Wakati wa matanga yote nilikaa pale, miguu mbele, nikisubiri mgongo uniume kama ulivyoniuma kwa baba, na nilitaka uniume, nilikuwa na hasira nao. Haukuniuma.